Kumtoa Dada Ndani

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka tisa, alikaa ndani mwaka mzima na miezi mitano, na sehemu kubwa ya muda huo ni mimi niliyemkalisha. Nalisema hili mapema ili msomaji asijisumbue kunionea huruma.

Mumewe alikuwa fundi wa makuti. Kila asubuhi alivuka kwenda Ras Kitau, ng'ambo ya Shela, kuezeka mapaa ya hoteli za wageni, na siku moja akaanguka kutoka juu ya paa. Alirudishwa mtaani kwetu Langoni, kisiwani Amu, kwa boti, akazikwa kabla ya magharibi. Dada akaingia edani siku hiyo hiyo. Alivua bangili, akavaa nguo nyeupe isiyo na ua, akakaa chumba cha ndani na kazi yake ya kushona kofia. Hakuna aliyemkosoa kwa lolote. Dada yangu ni mtu wa sheria tangu utoto. Tulipokuwa madrasa yeye ndiye aliyekuwa akiwarudisha wenzake birikani watawadhe upya kwa sababu maji hayakufika kiwikoni.

Siku ya kumtoa eda tulikwenda wanawake wa ukoo. Tulimuogesha, tukamvika leso mpya, tukafukiza udi, tukala halua. Alitushukuru mmoja mmoja. Kesho yake shangazi akampitia waende kwenye hitima ya jirani, dada akasema hajisikii vizuri. Wiki ile hakutoka. Mwezi ule hakutoka. Alipika, alishona, alipokea wageni, alicheka panapochekesha, ila mlango wa nyumba yake hakuuvuka. Tukasema ni huzuni, itapita.

Kisha mama akavunjika nyonga.

Mama yetu alikuwa akiishi Shela kwa kaka yetu na mkewe, na mpaka hapo alikuwa akija Langoni kila Ijumaa kumtazama dada. Aliteleza chooni. Hospitali walimlaza wiki kadhaa, wakamrudisha Shela na yale maneno mapole ambayo madaktari huwaambia watu wenye mama mzee. Hakusimama tena. Macho yake yalikuwa yamefifia zamani na masikio yalikuwa mazito, kwa hivyo simu haikumfaa kitu. Ukitaka kusema na mama ilibidi ukae kitandani, umshike mkono, useme karibu na sikio lake la kulia. Kutoka Langoni hadi Shela ni dakika arobaini na tano kwa mguu ukifuata ufuo, au robo saa kwa boti. Dada hakwenda.

Mwanzoni mama alimuulizia kila nilipofika. Nilimjibu kwamba dada bado hajawa sawa, atakuja. Baada ya miezi akaacha kuuliza, na kule kuacha kwake kuliniuma kuliko maswali.

Sasa nijitaje na mimi. Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Amu, na miaka ile nilikuwa nikisomea stashahada ya ushauri nasaha katika chuo kimoja cha bara, nikienda likizo hadi likizo. Somo la kwanza tulilofundishwa ni mitazamo mikuu ya saikolojia. Mwalimu wetu alichora nyumba ubaoni, akaipa madirisha sita, akasema kila dirisha huonyesha upande mmoja wa mtu aliye ndani. Niliipenda ile picha kupita kiasi. Nilirudi kisiwani nimejaa, natembea Langoni huku namtazama kila mtu kama niliyepewa ufunguo wa nyumba yake. Na nyumbani nilikuwa na dada asiyetoka na mama anayekwisha. Niliapa nitamtoa dada ndani kabla mama hajafumba macho.

Jambo la kwanza nililolifanya ni baya kuliko yote, nami nililifanya kwa utaalamu kabisa. Kaka alikuja na rai nyepesi.

"Tumtukue mama, tumweke kwa dada Langoni," akasema. "Boti ipo, vijana wa kumbeba wapo. Wakae wote wawili."

Wakati ule mama alikuwa bado anaweza kubebwa. Nikakataa. Nilimwambia kaka kwamba tukimletea dada mama mpaka kitandani, hatakuwa tena na sababu ya kutoka, na ugonjwa wake utaota mizizi. Mama ndiye kitu pekee kinachoweza kumvuta nje, nikasema, tusikitoe bure. Kaka ni mtu wa boti, hakusoma sana, nami nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma. Akarudi kwenye boti yake. Miezi mitatu baadaye mama alikuwa hata kugeuzwa kitandani analia, na habari ya kumbeba ikafa yenyewe.

Nilianza na mtazamo wa tabia. Wenye mtazamo huu hawana shughuli na yaliyomo moyoni. Wanasema mtu hurudia linalomletea faida na huacha linalomletea hasara. Ukitaka kubadilisha mwenendo wake, badilisha kinachoufuata. Nikamtazama dada kwa jicho hilo, na kweli niliona. Akikaa ndani, majirani humletea sinia. Wateja wa kofia humfuata mwenyewe alipo. Watoto wa mtaa humtumikia dukani. Nje kuna nini? Jua, punda, na watu wa kumpa pole upya. Nani angetoka?

Nikampangia hatua ndogo ndogo, na kwa kila hatua zawadi. Dada anapenda nyuzi laini za kofia, zile zinazoletwa kutoka Mombasa, nami nikanunua za kutosha. Hatua ya kwanza ilikuwa kukaa dakani, kile kibaraza chenye viti vya mawe mbele ya mlango wa nyumba zetu. Alikataa. Nikamwambia, "Kwa ajili ya mama." Alinitazama kwa muda, akavuta ushungi, akatoka. Alikaa dakani dakika kumi, mikono mapajani, macho chini. Nikampa kifungu cha kwanza cha uzi. Jioni ile nilimpigia simu mwalimu wangu wa chuo, nikajisifu.

Mara ya pili alikaa nusu saa. Mara ya tatu alifika kwenye kona ya mtaa, akarudi. Mara ya nne alikataa katakata, akanirudishia nyuzi zote ndani ya mfuko ule ule. Nilidhani zawadi imekuwa ndogo.

Basi nikahamia kwa wale wanaosema mtu huongozwa na yale aliyoyazika tangu utotoni, bila mwenyewe kujua. Hapo nilifurahi, maana utoto wa dada naujua. Alipovunja ungo alitawishwa kama walivyotawishwa wasichana wa familia zetu zama zile, akafungiwa ndani miaka miwili hadi alipoolewa. Mimi sikufanyiwa, baba alikuwa amekwisha kufa na mama akanipeleka shule. Nikaiona picha nzima. Mume amekufa, naye amerudi chumba kile kile cha usichana, kwa sababu ndani yake bado kuna binti anayengoja kuja kutolewa. Niliandika kurasa nane. Nikaenda kumuuliza kwa ustadi ile miaka miwili ilimuumiza vipi.

"Ilikuwa raha," dada akasema. "Nalikuwa na mwendani wangu wa nyumba ya pili. Hupitishiana nyuzi dirishani, huteka mpaka mbavu kuuma, mama hutupigia ukuta. Ndipo nalipoyua kushona."

Nikaandika kwamba anakana maumivu. Katika mtazamo ule, mtu akikubali umepata, na akikataa umepata pia, jambo ambalo wakati ule sikuliona kuwa na walakini.

Baada ya hapo nikaushuku mwili wake. Kuna wanaosema tabia ni damu, tezi na ubongo, na wana haki. Nimemuona mwanafunzi wangu aliyeitwa mvivu miaka mitatu, kumbe ni upungufu wa damu. Dada alikuwa amekonda, analala vibaya. Nikamwambia lazima apimwe. Akaniambia yeye si mgonjwa. Nikamletea shangazi, nikamleta kaka, tukamsema mpaka akachoka na kelele zetu, akavaa buibui, tukampeleka zahanati. Walimtoa damu, wakasema turudi mwezi ujao kwa majibu mengine, tukampeleka tena. Tezi ilikuwa sawa. Damu ilikuwa pungufu kidogo. Akapewa vidonge, akavimeza vyote, akabaki ndani.

Kisha nikajaribu mawazo. Hawa wanashikilia kwamba kinachomtesa mtu ni jinsi anavyolifikiri tukio zaidi ya tukio lenyewe, kwa hivyo anafundishwa kuyakamata mawazo yake na kuyahoji. Nikampa daftari lenye safu tatu: nilichofikiri, nilichohisi, ushahidi wa kinyume. Baada ya wiki nilikuta amechora humo nakshi za kofia, ukurasa baada ya ukurasa, nzuri mno. Safu tatu zilimsaidia kupanga maua.

"Kazi hii ya watoto wa skuli," akaniambia. "Usiudhike, Bi Daktari."

Niliudhika. Shangazi alikuwapo, akacheka hadi akashika mbavu.

"Akili ni nywele, mwanangu," akaniambia, "kila mtu ana zake. Wewe wataka kutunyoa sote kwa wembe mmoya."

Katikati ya hayo nilikuwa na insha ya chuo ya kuandika juu ya mtazamo wa jamii na utamaduni, ule unaosema mtu hawezi kueleweka nje ya mila iliyomlea. Nikamwandika dada. Nilieleza jinsi macho ya mtaa yanavyomlinda na kumfunga mjane, jinsi Langoni inavyojua viatu vya nani viko mlangoni kwa nani. Nilipata alama ya juu kabisa darasani. Namkumbuka dada akiniuliza mbona nimefurahi siku ile, nami nikamwambia nimefaulu mtihani, akaniombea dua.

Sisemi mitazamo ile ni uongo. Naifundisha mpaka leo, na kila mmoja ulimgusa dada mahali. Alipendwa na kuhudumiwa ndani, ni kweli. Alikuwa amefungiwa utotoni, ni kweli. Damu ilipungua, mawazo yalikuwapo, macho ya mtaa yalikuwapo. Tatizo langu ni kwamba kila nilipochungulia nilikuwa nimekwisha amua nitaona nini. Yeye alikuwa amekaa pale pale, sindano mkononi, anaweza kuulizwa.

Na mara moja alikaribia kusema. Ulibaki mtazamo mmoja, ule wa utu, ambao kazi yake ni kusikiliza tu: usihukumu, usishauri, mrudishie mtu maneno yake ajione kama katika kioo. Alasiri moja nilikaa naye nikamsaidia kupindia kofia, na katikati ya kazi akasema, "Wamuyua yule nahodha apelekao watu wa kazi Ras Kitau?"

Nikamrudishia, kwa sauti ya darasani, "Nasikia kwamba unamkumbuka sana shemeji."

Dada akaniangalia. Akasema, "Ndiyo," akaendelea kushona. Nikaandika katika daftari kwamba amefunguka.

Mama alipoacha kula vyakula vigumu nikashikwa na hofu, na hofu ilinirudisha kwenye mtazamo wa tabia, upande wake mkali. Kuna njia ya kumtia mtu moja kwa moja katika lile analoliogopa, akae humo mpaka hofu ichoke yenyewe. Nilimwendea dada asubuhi pamoja na wifi na binti wa shangazi. Nilimwambia leo tunakwenda Shela. Akaomba tumwache.

"Niwatani siku kidogo tu," akasema. "Kidogo tu, ndugu zangu, nawaomba."

Hilo pia nilikuwa nimelisomea. Mtu wa namna hii huomba muda daima, na ukimpa umemharibu. Tukamshika mikono, mimi kulia na wifi kushoto, tukamvusha mlango. Alitembea. Tulifika mwisho wa mtaa wetu, pale njia inapokutana na barabara ya maduka, na hapo akaketi chini, kwenye vumbi, mwanamke mwenye heshima yake, akalia kwa sauti watu wakitazama. Sijawahi kumsikia akilia vile, hata siku ya mazishi. Wifi akauachia mkono wa dada, akaniambia, "Mimi simo tena." Tukamrudisha nyumbani. Nilijiambia kwamba kilio kile ni hofu inayotoka.

Wiki nne baada ya hapo mama alikataa uji. Siku ya pili ya kukataa nilitoka Shela mchana, nikaenda kwa dada, nikamwambia bila kupamba. Alikuwa akitia uzi kwenye sindano. Aliutia, akafunga fundo, ndipo akauliza.

"Daktari asema atafika miezi mine?"

"Daktari hasemi hata wiki," nikamjibu.

"Miezi mitatu je? Mitatu na siku kidogo?"

Nilikuwa nimechoka, nimekasirika, na sikuwa na mtazamo wowote uliobaki. "Kwa nini miezi mitatu, dada?" nikamkemea. "Wangoja nini humu ndani? Niambie wangoja nini!"

Akaiweka kofia chini.

"Nangoja eda imalizike," akasema.

Sikuelewa. Nikamwambia eda yake ilikwisha, tulimtoa wenyewe, tukala halua. Akatikisa kichwa.

"Naliikata. Mwezi wa tatu nalitoka, mtana kweupe, nikaenda Ras Kitau."

Hadithi aliitoa polepole, macho kwenye mkeka. Hakuna aliyekuwa amemweleza vizuri mumewe alikufaje. Kila mtu alimwambia ameanguka, ni kadari, basi. Naye hakuweza kuamini kwamba mtu aliyepanda mapaa miaka ishirini aanguke tu. Asubuhi moja akavaa buibui la kazi la jirani, akajifunika uso, akaingia katika boti ya wafanyakazi pamoja na vijana na ndoo zao za rangi. Huko akauliza paa lenyewe. Walimwonyesha. Nusu yake ilikuwa makuti mapya, nusu makuti ya zamani, na kazi ilikuwa imesimama pale pale alipoiacha. Alikaa chini ya mnazi akalitazama mpaka alasiri. Mpishi wa hoteli alimletea maji bila kumuuliza ni nani. Akarudi na boti ya jioni, akavua buibui, akahesabu moja.

"Moja ya nini?" nikamuuliza.

Dada alikuwa amejifunza madrasa, kama sote, habari ya mtu aliyepaswa kufunga kafara ya miezi miwili mfululizo. Huyo akila siku moja, hata ikiwa ya mwisho, yote huharibika na huanza tena mwanzo. Yeye akalichukua lile la saumu akalitia katika eda. Kwa hesabu yake, mjane akitoka bila ruhusa eda imekatika, naye hana budi kuanza siku ya kwanza, miezi minne na siku kumi, kamili. Siku tulipomfukiza udi alituachia tu tufurahi. Yeye alikuwa katika siku yake ya arobaini.

Nikaanza kuelewa, na sikutaka.

"Na dakani?" nikamuuliza. "Nilipokutoa dakani?"

"Daka liko nde ya mlango."

"Kule zahanati je? Ile ni dharura, dada. Dharura inaruhusiwa."

"Dharura ilikuwa yako," akasema. "Mimi sikuwa mgonjwa."

Sikuthubutu kuuliza la mwisho, akanijibu mwenyewe. Siku ya kwanza ya nyuzi zilikuwa zimemsalia siku tisa. Na siku ile tulipomshika mikono, mimi na wifi, zilikuwa zimemsalia sita. Angemaliza Jumatano. Alikuwa amekwisha kufua buibui la kwendea Shela.

Kuna bibi mmoja hapa mtaani anayewasomesha wanawake fiqhi. Nilimpigia simu pale pale, nikaiweka kwa sauti kubwa dada asikie. Nyuma yake kulikuwa na mafuta yakichacharika, alikuwa jikoni. Nikamuuliza kama habari ya mtu mwingine. Hakufikiri hata kidogo.

"Eda ni wakati," akasema. "Wakati hupita, umekaa hukukaa. Mke aliyefiliwa na mume nti ya mbali, asipate habari mpaka miezi mine na siku kumi imepita, hana eda ya kukaa tena. Huyo aliyetoka bila haja na atubu kwa Mola wake. Lakini halipi siku wala haanzi mwanzo. Hiyo ni saumu, si eda. Eda yake imekwisha siku ilipokwisha. Ni nani huyo?"

Nikamwambia ni mtu tu, nikamshukuru. Mazungumzo yote hayakufika dakika tatu.

Midomo ya dada ilikuwa ikienda, nadhani alikuwa akihesabu siku kwa mara nyingine. Kisha akasema, "Mwaka. Mwaka mzima wanipa nyuzi."

"Kwa nini hukuniambia?" Nilikuwa nalia.

"Mjane wa Langoni apande boti na vijana wa kazi, aende hotelini ndani ya eda yake. Nikwambie wewe, uiandike?" Alisimama, akakunguta vipande vya uzi mapajani. "Na wewe kwa nini hukuniuliza?"

"Nilikuuliza, dada. Kila siku nilikuuliza."

"Waniuliza na jawabu unalo mkononi," akasema.

Nimewahi kujifariji kwamba na yeye alikosea, kwamba naye angeweza kumuuliza yule bibi siku ya kwanza tu. Ni kweli alikosea. Lakini kosa lake lilikuwa na mwisho wake, miezi minne na siku kumi, na angeufikia salama kama asingekuwa na mdogo wake aliyesoma.

Alitawadha, akavaa buibui, akatoka. Hakuna aliyemshika mkono. Mlangoni alisita kidogo kwa sababu ya jua, akaweka kiganja juu ya macho, akashuka dakani. Nyayo zake zilikuwa zimelainika kwa kukaa, akawa anatembea kwa uangalifu kwenye mawe. Watu walimwamkia kwa mshangao, akawaitikia. Tulipanda boti. Tulipokaribia Shela, mapaa ya Ras Kitau yakaonekana upande wa pili. Niliogopa atayatazama, lakini macho yake yalikuwa kwenye gati.

Mama alikuwa macho. Niliona hivyo nikamshukuru Mungu kwa sauti, maana njia nzima nilikuwa nikiomba tu hilo. Aliishi siku mbili baada ya hapo, na maneno ya alasiri ile ndiyo ya mwisho kueleweka. Dada alivua viatu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa mama kwa mikono yake miwili, akambusu kiganjani. Mimi na wifi tulisimama mlangoni.

Mama akampapasa vidole, polepole, kidole baada ya kidole. "Karibu," akasema. Mama alikuwa mtu wa adabu hata katika hali ile. "Karibu, mwanangu. Wewe u binti wa nani?"

Dada akainama kwenye sikio lake la kulia. "Ni wako, mama. Ni mimi."

Lakini kila mtu Shela alikuwa akimwita mama, na kila mwanamke mdogo kwake alikuwa binti yake. Akatabasamu, kama anavyomtabasamia mgeni mwema.

"Nami nina binti yangu," akasema. "Mkubwa. Mumewe ameanguka, maskini, amekufa. Sasa yu edani, ndio maana humwoni hapa. Nimenyamaza simuulizii, wasende wakamsumbua. Mtu edani hasumbuliwi."

Wifi akaniangalia, nikageuza uso.

"Eda yake imekwisha, mama," dada akasema.

"Imekwisha?"

"Imekwisha zamani."

"Alhamdulillahi." Mama akafumba macho, akaupigapiga mkono wa dada mara mbili, kama mtu anayemtuma mtoto wa jirani kwa upole. "Basi mwanangu, ukitoka hapa pita Langoni. Kamwambie aye kwangu."

Dada aliukalisha mkono wa mama juu ya shuka na kuunyoosha. Kisha akainama tena sikioni mwake, akamwambia ndiyo, atapita, atamwambia.